Nilivyoweza kuuza Savagnin, mvinyo ambao wageni walikuwa wakiurudisha

Ukiajiriwa kuhudumia mezani katika mgahawa wa Dijon, Ufaransa, unatarajiwa uijue Chardonnay kabla hata hujaonyeshwa vijiko vinakaa droo gani. Hii ni Bourgogne, na zabibu hiyo ndiyo mwenye mji. Mgeni akisema anataka mvinyo mweupe bila kufafanua, hesabu ameshaagiza Chardonnay. Savagnin haina bahati hiyo. Inatoka Jura, vilima vilivyo kati ya Bourgogne na mpaka wa Uswisi, mwendo mfupi tu wa treni kutoka tulipo, lakini wengi wa wageni wetu hawajawahi kuisikia. Wanaoiona kwenye orodha hudhani ni Sauvignon iliyoandikwa vibaya. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba zabibu hizo mbili ni mzazi na mtoto, sawa, lakini ukizimimina glasini huwezi kuamini kama zina udugu.

Bosi wangu kazaliwa hukohuko Jura, na kwa mapenzi ya kwao aliweka kwenye orodha ule mvinyo maarufu wa Savagnin uitwao vin jaune, yaani mvinyo wa njano, akaamua uuzwe hata kwa glasi. Shida ikaanza. Wageni hawakuwa wakigomba. Mtu anainusa glasi, anamtazama mwenzake, anaonja kidogo, kisha ananiita kwa adabu zote: samahani bwana, nadhani chupa hii imeharibika. Glasi inarudi, namimina Chardonnay, na chupa ya bei mbaya inabaki imefunguliwa. Baada ya hali hiyo kuendelea kwa muda bosi akaniambia, wewe ndiye unayeongea sana na wageni, tafuta namna.

Kwanza ilibidi nielewe kwa nini mvinyo mzima unanuka hivyo. Mvinyo wowote ukikaa kwenye pipa la mbao hupungua, kwa kuwa sehemu yake huvukiza. Watengenezaji wengi huongezea kila mara ili pipa lijae na hewa isipate nafasi. Kwa vin jaune hawaongezi kitu. Savagnin inaachwa kwenye pipa la mwaloni, pengo linakua, na juu ya mvinyo chachu inatanda utando. Utando huo unaukinga mvinyo usigeuke siki, na wakati huohuo unaibadilisha ladha yake kabisa. Sheria inataka mvinyo ukae mpaka tarehe 15 Desemba ya mwaka wa 6 baada ya mavuno, na angalau miezi 60 kati ya hiyo iwe chini ya utando. Husemwa kwamba katika lita 1 iliyoingia hubaki sentilita 62, na kweli chupa yake, ile fupi yenye mabega mapana iitwayo clavelin, inabeba sentilita 62, si 75 kama chupa nyingine. Mgeni asiyejua hayo huona kapunjwa mara mbili: mvinyo unanuka ajabu, na chupa ni ndogo.

Siku moja ya mapumziko nikapanda treni kwenda Arbois, mji aliokulia mwanasayansi Louis Pasteur na ambako baadaye alikuwa na shamba lake la mizabibu. Nilipokewa na mtengenezaji mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye hakuanza na mapipa. Alinipeleka shambani. Savagnin ina vichala vidogo, punje ndogo za mviringo zenye ganda gumu, na inapenda ule udongo wa mfinyanzi wa kijivu wenye chokaa ambao mvua ikinyesha unakung'ang'ania viatuni mpaka unatembea kama umevaa matofali. Inachelewa kuiva. Wenzake wenye Chardonnay wakishamaliza kuvuna, yeye bado anasubiri, mara nyingi mpaka Oktoba imeingia. Hata ikiiva, ukali wake wa ndimu hauondoki. Ukali huo ndio unaoiwezesha kuvumilia miaka yote ile ndani ya pipa bila kulegea.

Kisha tukashuka chumba cha chini. Alizibua tundu la pipa, akawasha tochi, akaniita nichungulie. Utando ulikuwa mweupe unaoelekea ujivu, umekunjamana kama maziwa yaliyochemshwa yakapoa, na pembeni karibu na mbao ulikuwa umechanika kidogo ukaonyesha mvinyo wenyewe, rangi ya shaba. Hakuchota kwa juu. Alinionyesha bomba dogo lililopigiliwa mbele ya pipa, chini ya usawa wa utando, akafungua matone machache kwenye glasi. "Ukiutikisa," akasema, "unazama."

Nikainusa. Na hapo, wallahi, nikamwona bibi yangu Tanga anaandaa uwatu.

Sikusema kwa kubahatisha. Harufu ile ya uwatu ulioloweshwa, tamu na chungu kwa pamoja, yenye kitu cha bizari na sukari iliyoungua, ndiyo ile ile. Nilipomwelezea mzee kwamba kwetu ipo mbegu inayonukia hivi na tunaitia kwenye vyakula na kuwapa wanawake waliojifungua, alicheka, akasema Wafaransa wenyewe husema kari na kokwa za jozi. Baadaye nikaja kujua kwamba kipo kiini kimoja cha kikemia, sotolon, kinachoupa uwatu harufu yake, na kiini hichohicho hujijenga ndani ya vin jaune kadiri unavyokaa chini ya utando. Pua yangu haikuwa imenidanganya.

Mzee alinifundisha jambo jingine ambalo lilinisaidia kuliko maelezo yote. Kule Jura mvinyo mwekundu huonjwa kwanza, mweupe baadaye, na vin jaune mwisho kabisa. Mvinyo wao mwekundu, hasa wa zabibu iitwayo Poulsard, ni mwepesi hata rangi yake inakaribia maji ya ukwaju. Ukianza na vin jaune, umeua kila kinachofuata. Sisi Dijon tulikuwa tunaupeleka mezani mwanzoni, kwa kuwa ni mweupe, tena ukiwa baridi kutoka kwenye friji, kwa mtu mwenye njaa. Hata mimi ningeurudisha.

Niliporudi kazini nilianza kuutoa kwenye friji saa za mchana kwa ajili ya chakula cha usiku, na kizibo nakifungua mapema, upumue. Unafaa kunywewa kwenye nyuzi 14 hadi 16. Ukiwa baridi sana unabaki ukali mtupu na ile harufu ya ajabu, utamu wa kokwa hauonekani. Glasi nikapunguza kipimo. Halafu nikaacha kabisa kuupendekeza mwanzo wa chakula. Nauleta wakati wa jibini, na jibini lenyewe liwe Comté lililokaa muda mrefu, lile lenye chembechembe ndogo zinazogonga kwenye jino. Namwambia mgeni akate kipande, atafune, asimeze chote, ndipo aonje mvinyo. Ukweli ni kwamba jibini ndilo lililofanya kazi kubwa. Chumvi na mafuta yake yanaukunja ule ukali, na kile alichokiita "kuharibika" dakika moja iliyopita sasa anakiita kokwa.

Maneno nayo nikayapanga upya. Zamani tulisubiri mgeni ashtuke ndipo tujieleze, na anayejieleza baada ya mtu kushtuka huonekana anajitetea. Sasa nasema kabla sijamimina: utasikia harufu ya kari na kokwa, hiyo ndiyo iliyokusudiwa, imechukua zaidi ya miaka 6 kuipata. Wahindi na Waarabu nawatajia uwatu kwa lugha wanayoijua, na hao ndio wepesi kuelewa. Siku moja waliingia Waomani wawili, mmoja anaongea Kiswahili cha Unguja safi. Hawakunywa, waliagiza maji, lakini yule mzee aliomba ainuse glasi tu. Akaivuta harufu, akasema, "Mwanangu, hiki hulba kabisa," akanirudishia.

Wanaolalamikia bei nawasimulia habari za Château-Chalon, kijiji kilichokaa juu ya jabali, ambacho jina lake haliruhusiwi kuandikwa kwenye mvinyo mwingine wowote ila vin jaune. Kabla ya mavuno kamati hupita shambani kukagua zabibu, na mwaka ukiwa mbaya wenyewe wanakataa kutumia jina la kijiji chao. Walifanya hivyo mwaka 1974, 1980, 1984 na 2001. Ni watu wangapi wenye jina la thamani wanaoweza kuliweka kabatini mwaka mzima? Na kwa meza za wanaume wanaopenda kushindana kwa pesa ninayo habari ya chupa ya mwaka 1774 iliyouzwa mnadani Lons-le-Saunier mwaka 2018 kwa euro 103,700. Hapo hakuna tena anayetaja bei ya glasi yangu.

Waaustralia nao wana habari yao. Kuna wakulima kwao waliopanda wakiamini wanapanda Albariño, zabibu ya Hispania, wakaitunza, wakaiuza kwa jina hilo, hadi mwaka 2009 vipimo vilipothibitisha kwamba mizabibu yote ni Savagnin. Wakiisikia kutoka kwangu hucheka wao wenyewe, na mara nyingi huagiza.

Kwa wageni waoga nilimwomba bosi aongeze Savagnin ya aina nyingine, ile ambayo pipa hujazwa kila mara na utando haupati nafasi. Kwa Kifaransa huitwa ouillé. Hiyo haina kari wala kokwa. Ina ndimu, tufaha bichi, na chumvichumvi fulani mwishoni inayokufanya urudie. Mimi binafsi, na bosi asisikie, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa samaki. Mgeni akiipenda hiyo usiku wa kwanza, akirudi namwonjesha ndugu yake wa njano, na safari hii hashtuki.

Jikoni ilikuwa kazi nyingine. Mpishi wetu ni mama wa Bukavu, mtu wa msimamo, na mara ya kwanza nilipomletea vin jaune aisikie alisukuma glasi. "Mutoto, hii divai iliharibika. Unataka watu waugue?" Nikamwambia, "Mama, usinywe, tia kwenye kuku." Kuku wa vin jaune na uyoga aina ya morille ni chakula cha fahari cha Jura, na mapishi yake si magumu: kuku anakaangwa mpaka abadilike rangi, unatia mvinyo, unatia krimu na uyoga, unaacha moto mdogo ufanye kazi. Wengi hutia mvinyo wote mwanzoni, harufu ikaondoka na mvuke. Mama alibakiza kidogo akaumwagia dakika ya mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na jiko zima likanukia. Tangu hapo ni yeye anayeniuliza kama chupa imebaki.

Na chupa hubaki, maana wapo wasioupenda hata ufanyeje. Hao siwabishii, nawaletea Chardonnay yao mara moja. Vin jaune iliyofunguliwa haina haraka kama mvinyo mwingine, kwa kuwa hewa imeshaizoea miaka yote ile. Naikazia kizibo, nairudisha mahali pa baridi, na wiki mbili au tatu baadaye bado inafaa kuuzwa. Ikipita hapo, naandika "kwa Mama" kwenye karatasi, naibandika shingoni mwa chupa, naipeleka jikoni.