Jumatano ya Mechi: Siku Moja ya Mwalimu wa Timu Ndogo, Mombasa

Mashindano ya soka ya shule za sekondari hufanyika muhula wa pili: yanaanzia kanda, yanapanda kaunti ndogo, kaunti, mkoa, hadi taifa. Huko huenda timu kubwa. Vijana wa miaka 14 hadi 16 ambao bado hawajapata namba hubaki na masazo: uwanja siku ambayo wakubwa hawautaki, mipira iliyochubuka, basi likibaki na nafasi. Shule 6 za Mombasa zikikubaliana, nao wanaweza kuwa na ligi yao, na mwalimu anayeisimamia kazi yake ni kuhakikisha masazo hayo yanatosha. Leo sisi wa kisiwani tunakaribisha timu kutoka Likoni, ng'ambo ya feri.

Saa 12:00 asubuhi

Uwanja kwanza, kabla ya paredi. Nachukua nyundo ndogo, bisibisi na gunia tupu.

Gunia ni la mawe. Ardhi ya kisiwani ina matumbawe chini kidogo tu ya udongo, na kila mvua ya masika ikipita, ncha mpya huchomoza. Ncha iliyosimama sentimita 2 inatosha kumchana kipa goti. Zinazong'oka huingia guniani pamoja na vigae vya chupa. Zisizong'oka hupondwa kwa nyundo na kufukiwa kwa mchanga.

Kisha magoli. Upepo wa bahari una chumvi, na nguzo ya chuma huanza kuliwa pale inapoingia ardhini, kwa sababu maji hutuama pale na rangi huwa imeshabanduka. Kwa juu nguzo inaweza kung'aa kama mpya. Igonge kwa nyundo chini kabisa, karibu na udongo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Penye sauti butu sukuma bisibisi. Ikizama, goli hilo halichezewi leo hata kama wageni wameshavuka feri. Dawa ni fundi wa kuchomelea akate kipande kibovu, aunge bomba jipya, na saruji ya shina iinuliwe juu ya ardhi kidogo, yenye mteremko, maji yasikae. Goli la kuhamishwa nalo lina hatari yake: vijana huning'inia kwenye mtambaa wa panya na goli zima huwaangukia. Kwa hiyo bomba la nyuma huwekewa magunia ya mchanga kila siku, wala si siku ya mechi peke yake.

Ikiwa usiku ulinyesha, nakanyaga kwa kisigino katikati ya kila boksi. Maji yakipanda kuzunguka kiatu, nangoja hadi saa 4 nikanyage tena, maana baada ya hapo wageni watakuwa wanajiandaa na kuahirisha kutawaudhi.

Saa 12:40

Mistari. Uwanja wetu ni mita 95 kwa 60, ndani ya kipimo kinachoruhusiwa (urefu 90 hadi 120, upana 45 hadi 90). Pembe hupatikana kwa kamba: pima mita 6 kwenye mstari wa goli, mita 8 kwenye mstari wa pembeni, na kati ya ncha hizo mbili lazima zipatikane mita 10 kamili. Zikizidi au zikipungua, kona imepinda na uwanja mzima utakwenda upande. Boksi kubwa hutoka mita 16.5 kutoka kila nguzo na kuingia ndani mita 16.5, boksi dogo ni 5.5 kwa mtindo huohuo. Nukta ya penalti iko mita 11. Duara la kati lina nusu kipenyo cha 9.15.

Ukijumlisha yote, uwanja wa ukubwa huu unadai karibu mita 670 za mstari. Chokaa ikiwa haba, anza na mistari ya goli, maboksi makubwa na mistari ya pembeni. Duara la kati liwe la mwisho; refa anaweza kulikadiria kwa hatua, lakini boksi lisiloonekana huzaa ugomvi wa penalti. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, uimwage kwa mkebe wa maziwa uliotobolewa chini. Ambayo haijazimwa huchoma vibaya ngozi yenye jasho na ni hatari kwa macho; hata iliyozimwa isiguse macho wala ngozi yenye jasho. Oili chafu ya gari nayo ipo shule nyingine, kwa kuwa haifutiki na mvua. Ni sumu, inaua nyasi na haitoki kwenye jezi. Kazi hii ifanywe mapema, kwa sababu kusi ikishaanza kuvuma mchana, unga wote unahamia kwa jirani.

Saa 2:00 hadi 4:30

Vipindi. Simu mbili tu katikati: refa, na mwalimu wa Likoni.

"Shikamoo mwalimu. Mwatoka saa ngapi?"

"Marahaba. Saa nane kamili twaondoka shuleni."

Vizuri. Wanaovuka feri kwa miguu hawalipi, na hawakai kwenye foleni ya magari. Kwa hiyo timu ya ng'ambo ije feri, ivuke kwa miguu, na gari la kukodi liwangoje upande wa kisiwani. Wachezaji 18 na walimu 2 ni watu 20. Matatu ya viti 14 haiwabebi, na kuwabana ni kumtafuta polisi. Ama magari mawili, ama moja la viti 33. Ukishindwa vyote viwili, punguza kikosi mapema, sio barabarani.

Saa 4:40, chai

Hapa ndipo msimu unapopangwa, maana uwanja na mipira vikishapatikana, kinachovunja ligi ndogo ni ratiba.

Timu 6, kila moja ikicheza na kila nyingine mara moja, ni mechi 15: raundi 5, mechi 3 kila raundi. Andika timu kwa nambari, moja ikae palepale, zingine zizunguke hatua moja kila wiki:

Raundi ya 1: 1–6, 2–5, 3–4
Raundi ya 2: 1–5, 6–4, 2–3
Raundi ya 3: 1–4, 5–3, 6–2
Raundi ya 4: 1–3, 4–2, 5–6
Raundi ya 5: 1–2, 3–6, 4–5

Hakuna jozi inayojirudia wala inayosahaulika. Shule ya saba ikiomba kuingia, ongeza ya nane ya kubuni iitwe "mapumziko". Atakayepangwa nayo hukaa nyumbani wiki hiyo. Raundi zinakuwa 7 na mechi 21, na hapo jiulize kama muhula unazibeba.

Usizipange Jumatano zote. Toa ya mitihani, toa ya mapumziko ya nusu muhula, toa ile ambayo timu kubwa itataka uwanja kwa michezo ya kanda, kisha acha mbili wazi za kufidia mvua. Muhula huu huanza masika haijaisha, na ratiba isiyo na nafasi huporomoka kwenye mvua ya kwanza: mechi zinasukumwa mwisho, timu moja inajikuta na tatu kwa wiki, inajitoa. Mimi hupendelea Jumatano kuliko Ijumaa. Ijumaa swala ya mchana huchelewesha kila kitu, na wanafunzi wa bweni hupewa ruhusa za kwenda nyumbani.

Kwa kuwa kila timu ina mechi 5, shule tatu zitakuwa nyumbani mara 3 na tatu mara 2. Semeni hilo mapema, na mwakani zigeuzwe. Kanuni nazo ziandikwe ukurasa mmoja na kila shule isaini kabla ya mpira wa kwanza: ushindi alama 3, sare 1, dakika 35 kila kipindi, mpira nambari 5, anayetoka anaweza kurudi, timu ikichelewa nusu saa, au ikiwa na wachezaji chini ya 7, ni wokova, yaani mpinzani anapewa ushindi. Na zaidi ya yote, timu zikilingana alama, kinaangaliwa nini kwanza, tofauti ya magoli au mechi iliyowakutanisha? Jambo hili dogo likiachwa hadi wiki ya mwisho, kila mwalimu atakuwa na jibu linalomfaa yeye.

Saa 7:10 mchana

Chakula, na daftari la dakika. Timu ndogo ipo ili watu wacheze. Ukiwa na 18, wawili makipa, hesabu ni hii: makipa wanagawana kipindi kimoja kimoja. Kati ya 16 waliobaki, 10 wanaanza na 6 wako benchi. Mapumziko yakifika, wale 6 wote wanaingia kwa mpigo na 6 wanatoka. Wanne tu ndio wanaocheza dakika 70. Wanne hao wabadilishwe kila wiki na waandikwe daftarini. Mabadiliko ya moja kwa moja namna hii yana faida: kijana wa benchi anajua ataingia lini, na hakuna baba wa kukuuliza dakika ya 60 kwa nini mwanawe bado amekaa.

Kinachovuruga hesabu hii mara nyingi ni timu kubwa kuja kuchukua wawili asubuhi ya mechi. Makubaliano yetu: anayepanda juu hashuki wiki hiyohiyo, na jina lifike Jumatatu.

Nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua za ruhusa za wazazi ziko faili moja, zimepangwa kwa nambari ya jezi.

Saa 8:30

Stoo. Mipira miwili ya mechi, sita ya kupashia. Sindano ya pampu ilowe kwanza. Ikiingia kavu inachana mpira wa ndani wa vali, na mpira utakuwa ukipumua taratibu wiki nzima bila kuona tundu. Usiujaze hadi ukawa jiwe: kipimo ni kanieneo ya angahewa 0.6 hadi 1.1, na ukiachwa juani unapanda wenyewe. Mzunguko ni sentimita 68 hadi 70. Mishono ikifunguka, apewe fundi viatu kabla mpira wa ndani haujachungulia.

Maji: mitungi 2 ya lita 20, ya maji matamu. Kisima cha shule kina chumvi, na kijana mwenye kiu atakunywa kidogo aache. Barafu kilo mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, bandeji, shashi, glavu, mkasi. Vizibao vya rangi tofauti, kwa sababu Likoni nao huvaa buluu.

Saa 9:20

Wageni wamefika. Maji, choo, sehemu ya kubadilishia. Alasiri huingia karibu saa 9:45 na wanaoswali wana nafasi. Baada ya hapo wote wanapasha dakika 20, mfululizo wa FIFA 11+: 8 za kukimbia, 10 za nguvu, kuruka na mizani, 2 za kukimbia kwa kasi. Zile 10 za katikati ndizo vijana hukwepa na ndizo zinazolinda magoti.

Saa 10:10

Filimbi. Kazi yangu pembeni ni saa, daftari na benchi. Kila kipindi kikifika katikati tunasimama kunywa maji. Washika vibendera wakiwa ni wanafunzi, wapewe kazi ya mpira wa kutoka tu. Kuotea abaki nako refa, maana mwanafunzi ataonekana anapendelea hata akiwa sahihi.

Kifundo kikiteguka: barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu juu. Waliogongana vichwa ni habari nyingine. Akilalamika kichwa kinauma, akiona maruweruwe, akijibu polepole au akisahau matokeo, anatoka na harudi leo, ijapokuwa kanuni yetu inaruhusu kurudi. Usimwachie kapteni wala yeye mwenyewe uamuzi. Atasema yuko sawa.

Saa 11:35 jioni

Jezi zinahesabiwa kwa nambari kabla mtu hajaondoka uwanjani. Ikishafika getini imepotea. Nyavu zinashushwa na kukunjwa, si kwa kuogopa wezi peke yao. Zikilala nje chumvi na jua huzifanya zikatike zikiguswa. Jezi zioshwe kwa maji matamu, zianikwe kivulini.

Likoni waondoke upesi. Jioni foleni ya kivukoni ni ya watu wanaorudi makwao, na jua linazama kama saa 12:15. Mwalimu mmoja atangulie mbele, mwingine awe nyuma, na wahesabiwe mara mbili: kabla ya kupanda feri na baada ya kushuka.

Saa 1:30 usiku

Picha ya karatasi ya matokeo, ikiwa na saini za refa na makapteni wote wawili, inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la walimu usiku huohuo. Malalamiko yanapokelewa hadi kesho saa 6 mchana, kwa maandishi. Kisha msimamo unasahihishwa, daftari la dakika linajazwa, na kama kuna aliyegongwa kichwa, mzazi wake anapigiwa simu aelezwe dalili za kuangalia usiku: kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu yanayozidi. Zikionekana, hospitali usiku huohuo.

Ujumbe wa mwisho ni kwa mwalimu wa timu kubwa: Ijumaa saa 10 uwanja ni wa nani?