Nimesema urithi

Leo ni Ijumaa lakini mimi bado niko Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kile chumba kidogo cha mwisho wa korido mnachokijua. Nimeketi na dada wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Jina lake sitalitaja, na mengine yanayomhusu nimeyageuza. Katikati yetu kuna fomu ya ridhaa, ya kukubali kutoa damu ipimwe. Nimeshamweleza yote kwa utaratibu: kwamba uvimbe aliotolewa kaka yake kwenye ubongo mdogo, kule kisogoni, si saratani, kwamba kulikuwa na mfuko mkubwa wa maji, na kwenye ukuta wa mfuko huo kijivimbe kilichojaa mishipa ya damu, na hicho kijivimbe ndicho daktari alichokifuata, kwamba damu ya kaka yake imeonyesha hitilafu kwenye jeni iitwayo VHL, iliyoko katika kromosomu ya 3, kwamba hitilafu hiyo ni ya kurithi, na yeye, kwa kuwa wamechangia baba na mama, huenda anayo na huenda hana, nusu kwa nusu.

Akaufuata ule mstari kwa kidole. "Ugonjwa wa kurithi." Kisha akainua uso.

"Kwa hiyo huu ndio urithi aliotuachia baba."

Nikamwambia, "Si kosa la mtu."

"Sijasema kosa, dada. Nimesema urithi."

Na mimi nikasogeza kalamu.

Hakusaini. Aliikunja fomu mara nne, akashukuru, akaondoka. Tangu hapo kamati ya maadili imetuongezea mwaka mmoja, mkuu wa idara ametangaza kustaafu na Daudi wetu ameoa hatimaye, lakini kila nikifumba macho naiona ile kalamu ikisogea juu ya meza, na mkono unaoisogeza ni wangu.

Kinachonichoma ni kwamba neno lile nililichagua mwenyewe. Wanaonisoma tangu mwaka jana wanakumbuka nilivyohangaika na tafsiri ya fomu hiyo. "Ugonjwa wa ukoo" nililikataa, kwa sababu linapaka matope watu wazima kwa watoto, hata wasiokuwa nao, na binti akishaambiwa hivyo huenda asiposwe. "Wa kuzaliwa nao" linapotosha, maana yapo mengi mtu huzaliwa nayo bila kuyapata kwa wazazi. Nikabaki na kurithi, nikaona ni neno safi. Sikufikiria kwamba anayelisoma ana marehemu wake. Ukisema kurithi umeshamtaja aliyekufa na alichoacha. Yeye alilisoma hivyo kwa sababu ndivyo lilivyo katika lugha yetu, na mimi nikamjibu swali ambalo hakuuliza.

Na kuna jambo zito zaidi, nililolitambua Jumanne usiku nikiwa kitandani. Ile nusu kwa nusu niliitoa mapema mno. Ni kweli ikiwa mmoja wa wazazi alikuwa na hitilafu hiyo. Lakini kati ya watu watano wenye ugonjwa wa VHL, yaani huu unaoletwa na hitilafu ya jeni hiyo, takriban mmoja ndiye wa kwanza katika familia yake. Jeni imebadilika kwake, wazazi hawanayo. Mama yao hajapimwa. Baba alifariki miaka mingi kabla hatujajua la kuuliza. Nilikaa mbele ya yatima nikamwacha amhukumu baba yake kwa ushahidi ambao sina.

Nililala nikiwa na uchungu, nikaamka nao Jumatano.

Jana, Alhamisi, akarudi. Fomu ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Dada, baba alikuwa anayumba."

Nikanyamaza. Safari hii nilinyamaza kwa kukusudia.

Akasema miaka miwili ya mwisho baba yao alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Asubuhi anatapika, kichwa kinamuuma, kikombe kinamponyoka. Watu walisema ni pombe. Mama yao alisema ni pombe, wakagombana sana kwa ajili hiyo, na yeye mwenyewe alipokuwa msichana alikuwa akiona haya kuongozana naye. Baba aliapa hanywi. Hakuna aliyemwamini. "Siku kaka alipoanza kushika ukuta nilimwona baba. Inawezekana?"

Nikamwambia inawezekana. Ubongo mdogo ndio unaotupa mwendo ulionyooka, na uvimbe ukiukandamiza mtu huyumba kama mlevi hata kama hajaonja tone. Nikamwambia pia kwamba kuyumba peke yake si ushahidi. Yapo maradhi mengi ya namna hiyo, na pombe yenyewe ipo.

Akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama akipimwa akaonekana hana, na mimi nikapimwa nikaonekana ninayo ileile ya kaka, itakuwa imetoka wapi?"

Mikono ilinisisimka. Nikamwambia kwamba hapo, kwa kadiri kubwa kabisa, itakuwa imetoka kwa baba.

"Basi damu yangu inaweza kumsemea."

Nilivuta kiti, na safari hii akakaa. Nikamweleza kwamba jibu hilo likija, litakuwa pia jibu juu ya mwili wake: macho, figo, ubongo, uti wa mgongo, kukaguliwa maisha yote hata siku anazojisikia mzima. Akasema anajua. Nikamweleza lile ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, jinsi protini inayotengenezwa kwa jeni ya VHL inavyofuta kengele ya kuomba oksijeni pale oksijeni inapotosha. Ikikosekana, kengele inalia bure na mishipa mipya inaota pasipohitajika. Watatu waliofumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel mwaka 2019. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya kunywa, belzutifan, inayonyamazisha sehemu ya kengele hiyo kwa wenye VHL. Si kila mtu anaihitaji, na si kila mtu anaipata. Lakini ipo, na ilianzia kwa familia zilizokubali kutoa damu.

Alisikiliza yote. Kisha akaomba kalamu yeye mwenyewe.

Kabla hajasaini nilimwomba radhi kwa ya Jumanne. Akashangaa, alikuwa hakumbuki kalamu. Alikumbuka tu kwamba nilikuwa mtu wa kwanza kumwambia neno baba na neno si kosa katika pumzi moja, akakaa siku mbili akiyageuza.

Sikumwambia hivyo kwa busara. Lakini nimefurahi, jamani, nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Sampuli imeingia kwenye friza saa nane mchana. Mama yake atakuja Jumatatu. Ule mstari wa fomu nimeanza kuuandika upya, na nimefika maneno manne tu.