Papa wa milulu, wiki ya nne: ndevu zimenyolewa

Nimefika kwenye mapezi ya kifua ya papa wangu wa kusuka, na zaidi ya nusu ya milulu, majani ya kusukia vikapu, niliyonunua sokoni hapa Iringa imekwisha.

Ninayemsuka ni wobegongi mwenye madoa, papa anayeishi sakafuni mwa bahari, kwenye miamba ya mashariki na kusini mwa Australia. Mfaransa Bonnaterre ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1788, maculatus, yaani mwenye madoa. Yumo katika kundi la papa wanaofananishwa na mazulia, na hapo ndipo wazo liliponijia: zulia si linasukwa? Mimi nimekulia kwenye nyumba ya wasuka vikapu. Bahari nimeiona mara mbili, na papa pekee niliyemshika kwa mkono alikuwa ng'onda.

Umbo halikunisumbua. Ni bapa, kichwa kipana. Nilianza kama kitako cha kikapu, nikawa nabana kadiri ninavyokwenda mkiani. Kilichonitoa jasho ni madoa. Mkono uliozoea kikapu unataka hesabu ilingane, nyeusi tatu, nyeupe mbili, hadi ukingoni. Huyu ana mgongo wa kahawia ya manjano, mabaka meusi mapana kama matandiko ya punda, na viduara vyeupe vilivyotapakaa ovyo. Ovyo huo ndio unaomlisha: analala kimya mwambani, samaki au pweza anapita akidhani ni jiwe lililoota mwani, mdomo unafunguka, basi. Hata kupumua hahitaji kuogelea, anasukuma maji mwenyewe hadi kwenye matamvua.

Mgongo nimeufumua mara mbili kwa sababu madoa yalikuwa yanajipanga mstari bila mimi kutaka. Siku hizi natupa punje za maharage kwenye kitambaa. Zinapoangukia, ndipo panapowekwa doa.

Sasa ndevu. Kuzunguka mdomo wake kuna vinyama vinavyoning'inia, sita hadi kumi chini na mbele ya kila jicho. Kwa hiyo pale mdomoni niliacha ncha za milulu bila kuzikata. Jumanne mama mkubwa akapita. "Kamwene," akasalimu kwa Kihehe, akaketi, nikaenda jikoni kumtengea chai. Kurudi, kashika wembe, upande wa kushoto umenyolewa safi.

"Mama mkubwa, hizo ni ndevu zake!"

"Ndevu? Mwanangu, mimi nimeona kazi haijamaliziwa." Akamgeuza huku na huku. "Samaki mwenye ndevu anakula nini?"

"Wenzake."

Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Ncha zilizobaki ni fupi kama ukucha, haziungiki. Itabidi nifumue shavu lote hadi jichoni, mizunguko kumi na sita. Milulu nimeilowanisha tangu jana jioni, maana ikiwa kavu inakatika kwenye kona. Mama mkubwa kaahidi kuja Jumamosi alisuke shavu hilo mwenyewe, ila maharage, kasema, niyapeleke jikoni.