Stebilaiza kwenye Datsun 620: kumbukumbu ya mradi wangu, kutoka Grogan hadi Mai Mahiu

Pikapu yangu ni Datsun 620 ya mwaka 1977, injini ya J15, na bado inafanya kazi ya kubeba. Hilo la kubeba ndilo lililoamua karibu kila kitu kilicho hapa, kwa hiyo nalitanguliza. Leo ina mifuko ya saruji, kesho inarudi tupu kutoka Kiserian, Jumapili inaoshwa. Kwenye barabara iliyonyooka haina neno. Kona ndizo zinazoisumbua. Ukiingia raundabauti ya Haile Selassie hapa Nairobi bodi linalala upande mmoja, ukitoka linainuka na kulalia upande wa pili, na katikati ya hizo hali mbili usukani hauna habari na tairi.

Haina stebilaiza, ile fimbo ya kupunguza kulala kwa bodi kwenye kona, mbele wala nyuma. Mbele kila gurudumu lina mkono wa juu na wa chini, na uzito unabebwa na tosheni baa, ile fimbo ndefu inayokwenda nyuma sambamba na chesisi na kujisokota gurudumu linapopanda. Nyuma ni ekseli nzima juu ya springi za pikapu tunazozijua sote, bamba juu ya bamba.

Kijana mmoja pale gereji aliniuliza kwa nini nataka fimbo nyingine ya kujisokota na gari tayari lina mbili. Ni swali la maana sana. Tosheni baa inabeba gari, kila upande na yake, saa zote. Stebilaiza haibebi kitu. Kazi yake ni kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi zake, yaani mipira inayoishikilia, na hutajua kama ipo. Gari likianza kulala, gurudumu moja linapanda na mwenzake anashuka, na hapo ndipo fimbo inaposokotwa na kupinga. Wazo lenyewe ni la zamani: hataza yake ya kwanza alipewa Mkanada aitwaye Stephen Coleman, mwaka 1919.

Kuna jambo ambalo stebilaiza haifanyi, na ningependa kila mwenye pikapu ya zamani alijue kabla ya kutoa pesa. Haipunguzi uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona. Uzito huo unatokana na mwendo, ukali wa kona, upana wa gari na jinsi uzito wake ulivyokaa juu. Fimbo inabadilisha vitu viwili: gari linalala kiasi gani, na kati ya mbele na nyuma ni wapi panapobebeshwa sehemu kubwa ya uzito unaohama. Ukikaza mbele, pua inaanza kukataa kugeuka na kusukuma kwenda nje. Ukikaza nyuma, mkia ndio unaotaka kutoka. Anayefunga fimbo mbili nene bila kuwaza hilo amejipa gari lenye tabia mpya asiyoijua, na ataijua siku ya mvua.

Vilivyochoka kwanza

Tulipandisha pua kwenye stendi, fundi akaingiza mtaimbo kwenye mkono wa chini na kuusukuma. Bushi zilikuwa zimekauka na kupasuka. Zile za fimbo inayozuia mkono usirudi nyuma zilikuwa zimelika upande mmoja.

"Bosi, hapa hata ukifunga reli ya treni, itacheza tu," alisema.

Ni kweli tupu. Stebilaiza inashikamana na huo mkono wa chini. Mkono ukicheza, fimbo inapinga kitu kinacholegea, na sehemu ya kwanza ya kila kona inapotea bure. Kwa hiyo bushi zote za mbele zilitoka Kirinyaga Road zikiwa mpya, pamoja na boljointi na shokabsoba. Bushi za mpira tulizikaza mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unaishi umesokotwa na unachanika mapema.

Kisha kimo. Upande wa dereva ulikuwa umeshuka kuliko wa abiria. Tosheni baa ina bolti ya kurekebisha kule nyuma inakoshikiliwa, basi tukasawazisha pande zote na gari likapelekwa kufanyiwa alaimenti. Kimo lazima kitangulie, kwa sababu urefu wa linki, vile vifimbo vifupi vinavyounganisha ncha za stebilaiza na mkono wa chini, unapimwa kutokana na gari lilivyosimama. Ukikigusa baadaye unaanza upya.

Baada ya hatua hii pikapu ilikuwa imekwisha kubadilika sana. Mwenye pesa za kuishia hapa aishie hapa bila kinyongo. Atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida.

Grogan

Sikwenda Grogan, kwenye vibanda vya vipuri vya magari, mikono mitupu. Nilikunja nondo ya milimita 6 hadi ikakaa chini ya pua ninavyotaka: inapita mbele ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), inarudi nyuma kila upande hadi kwenye mkono wa chini, haigusi fimbo za usukani hata ukizungusha mpaka mwisho. Nondo hiyo ndiyo niliyotembea nayo kibanda kwa kibanda nikiilinganisha na fimbo zilizotolewa kwenye magari ya Kijapani.

Mbili zilikaribiana na umbo. Moja ilikuwa ya milimita 25, nyingine 22.

"Chukua nene, kijana wangu," mzee wa vipuri aliniambia. "Bei ni moja."

"Nashukuru mzee, lakini hiyo itanishinda kwenye mashimo."

Tofauti ya milimita 3 inaonekana ndogo ukiishika mkononi. Lakini ukakamavu wa fimbo hukua kwa kipenyo kujizidisha mara nne. Chukua 25 ugawe kwa 22, jibu ulizidishe kwa lenyewe mpaka yawe manne: unapata kama 1.67. Yaani ile nene ni ngumu kwa theluthi mbili zaidi. Na stebilaiza ngumu ina gharama yake hapa kwetu. Gurudumu moja likiingia shimoni, fimbo inajaribu kumvuta na mwenzake. Pigo la upande mmoja linakuwa la gari zima. Anayeendesha kwenye lami ya Thika Road peke yake anaweza kulivumilia. Mimi mwisho wa safari yangu huwa ni barabara ya mawe. Nilichukua ya 22 kwa shilingi 3,500.

Wengi wameniuliza kwa nini nisingetengenezewa mpya Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali wanakunja chuma cha kila aina. Kukunja si tatizo. Chuma cha kawaida na chuma cha springi hupinga kusokotwa karibu sawasawa. Tofauti ni kwamba cha kawaida kikisokotwa kupita kiasi chake hakirudi, kinabaki kimepinda. Cha springi nacho kinataka kupashwa moto, kuzimwa na kupashwa tena kwa vipimo. Kwa sababu hiyo hiyo, fimbo yenyewe haiguswi na moto wa welda hata nukta moja. Ukichomelea kitu juu yake, hapo ndipo itakapokatikia.

Kufunga mbele

Braketi mbili zilikatwa kwenye bamba la milimita 6 na kufungwa kwenye chesisi kwa bolti, na kipande kingine cha bamba ndani ili chuma chembamba cha chesisi kisiraruke. Bushi za fimbo ni za poliurethani. Hizi zinataka grisi ya silikoni. Ukizifunga kavu zitalia kama mlango wa ghala kila tuta.

Linki ndizo zilizotutumia muda. Nilitaka gari likisimama tupu, mikono ya fimbo iwe karibu kulala sawa na ardhi na linki zisimame wima, urefu mmoja kushoto na kulia. Linki zikipishana urefu, fimbo inakaa imesokotwa gari likiwa limesimama, na kona za kushoto zitakuwa tofauti na za kulia. Nati zilikazwa mpaka mpira ukaanza kufura kidogo pembeni mwa washa, basi.

Kukagua nafasi tulitumia udongo wa kuchezea wa watoto. Bonge moja kati ya fimbo na sampu, jingine karibu na fimbo ya usukani, mengine kwenye mipira ya kuzuia pigo. Tukashusha magurudumu mpaka mwisho, tukayapandisha kwa jeki moja moja, tukazungusha usukani huku na huku. Palipobinywa panaonekana na unene uliobaki unapimika. Upande wa abiria ulikuwa finyu kuliko nilivyopenda, kwa hiyo braketi ilisogezwa mbele kidogo.

Duara

Jumapili asubuhi, uwanja mtupu Industrial Area, kwa ruhusa ya mlinzi. Tulichora kwa chaki duara lenye mita 20 kutoka katikati hadi ukingoni. Kulizunguka kwa kilomita 30 kwa saa kunaisukuma gari kando kwa nguvu inayozidi kidogo theluthi moja ya uzito wake. Shemeji alipiga video kutoka nyuma, mara ya kwanza linki zikiwa zimefunguliwa, kisha zikiwa zimefungwa. Nyumbani tulisimamisha picha na kupima mlalo wa bodi kwa kipima pembe cha shule.

Bila fimbo, digrii 4 hivi. Ikiwa imefungwa, chini kidogo ya 3.

Kwenye usukani tofauti ni kubwa kuliko namba hizo zinavyoonyesha. Ukigeuza, pua inageuka wakati huo huo. Na kama hesabu ilivyosema, nilipoongeza mwendo pua ilianza kusukuma nje mapema kuliko zamani, taratibu, nikiisikia inakuja. Paundi mbili zaidi za upepo kwenye tairi za mbele zimesaidia. Kwa gari linalorudi tupu usiku nataka nionywe na pua, si na mkia.

Mteremko wa Mai Mahiu, na mzigo

Mifuko 10 ya saruji, nusu tani, hadi bondeni kwa ile barabara iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, na kanisa lao dogo kule chini. Malori yanapanda polepole, kona zinafuatana, na ukuta uko upande mmoja tu. Zamani mzigo kama huu uliifanya pua kuwa nyepesi na bodi kuyumba baada ya kila kona, hata nikiwa nimekwisha nyoosha usukani. Safari hii liliegemea mara moja na kutulia. Sikuongeza mwendo, niliendesha mwendo ule ule wa siku zote, na nilifika mabega yakiwa hayajakaza. Nilikuwa nikiitafuta hali hiyo tangu nilipoanza.

Nyuma: ilifungwa, ikatolewa

Fimbo ya nyuma ni ya milimita 16, imeshikwa kwenye ekseli kwa yu-bolti na linki zinapanda hadi kwenye chesisi. Kwenye lami kavu ilikuwa tamu. Pua iliacha kusukuma, na gari lilizunguka lile duara kama dogo kuliko lilivyo.

Kisha zikaja mvua za Aprili. Nikitoka raundabauti gari likiwa tupu na nikikanyaga mafuta, gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa likizunguka bure na mkia kusogea. Sababu iko wazi. Pikapu tupu ina uzito mdogo sana nyuma, springi zake zimepangwa kwa ajili ya mzigo na tayari ni ngumu, na fimbo inaongeza kuliinua lile gurudumu la ndani. Difu ya kawaida, ile giaboksi ya kati ya magurudumu ya nyuma, inapeleka nguvu kwa gurudumu lisiloshika. Watu hunitajia Safari Rally, kwamba Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 na Datsun. Alishinda, na ni fahari yetu. Lakini 240Z yake ilikuwa na saspensheni huru kwa magurudumu yote manne, na haikurudi tupu kutoka kupeleka saruji.

Nimeitoa. Mbele peke yake, ya 22, ndiyo ninayoona inafaa pikapu inayobeba mzigo na kurudi tupu hapa Nairobi.

Kilichobaki: bushi za springi za nyuma, ambazo tayari ninazo, shokabsoba za nyuma, rangi ya kuzuia kutu kwenye braketi, na kukagua bolti zote za mbele baada ya kilomita 500. Ile fimbo ya 16 na braketi zake ziko kwenye rafu. Mwenye 620 isiyobeba mizigo akitaka kuijaribu, aje tumfungie.