Gemu za zamani na stima yetu ya Kisumu

Watu wakiniletea gemu ya zamani niitengeneze, swali la kwanza huwa kama naweza kuiwekea HDMI, ile soketi ya picha ya TV za kisasa. La pili, kama naweza kuiwekea taa za rangi ndani. Hakuna anayeuliza kama itakuwa hai mpaka Krismasi, na kwangu hilo ndilo swali lenyewe, juu hizi mashine zilichorwa na watu wa Kyoto na Tokyo wakifikiria sebule zao na stima yao na TV zao, sio nyumba ya mabati mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu saa nane mchana, jua linawaka na jirani anachomelea geti kwa laini hiyo hiyo yako.

Kwa hivyo nikifungua kitu cha zamani siku hizi, modi ya kwanza, yaani badiliko la kwanza ninalokifanyia, ni ile ya kukifanya kiweze kuishi hapa. Urembo utakuja baadaye kama pesa imebaki, na mara nyingi haibaki.

Stima ndio tuanze nayo maana hapo ndio nyingi hufia. Sisi ni 240V. Famicom, ile gemu ya TV ya Nintendo ya Japani ya 1983, adapta yake ni ya 100V, vitu vya Marekani ni 120V, sasa mtu anatumiwa na shangazi yake wa Marekani mashine safi kabisa, anachomeka ukutani, adapta inanguruma kidogo, harufu inatoka, basi. Na huyo amebahatika! Transfoma ikiungua peke yake mashine huwa inapona. Wa kuhurumiwa ni yule anayeenda kununua adapta yoyote ile bora pini inaingia. Famicom inataka hasi katikati ya pini na chanya nje, Mega Drive ya kwanza, ile ya Sega, hivyo hivyo, halafu kwa Mega Drive 2 Sega wakageuza wakaweka chanya katikati na kubadilisha pini. Adapta za ruta na redio unazookota soko la Kibuye karibu zote ni chanya katikati. Alafu kuna ile NES ya kijivu, Famicom iliyouzwa Marekani na Ulaya, hiyo adapta yake inatoa AC ya 9V, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, haujageuzwa kuwa DC wa mwelekeo mmoja, kazi hiyo inafanywa na daiodi nne, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ndani ya mashine yenyewe. Ndio maana NES haijali polariti, yaani chanya na hasi ziko upande gani, unaweza kuipa DC upande wowote na itawaka. Lakini chukua hiyo adapta ya AC uipe Famicom ama Mega Drive uone. Au usione, ni afadhali.

Dawa yake ni ya bei ya soda. Naweka fyuzi mahali pawa inaingilia, na nyuma ya fyuzi daiodi moja nono ya 1N5408 imelala kinyume kati ya chanya na hasi. Ukichomeka vizuri daiodi imelala tu, haifanyi kitu. Ukichomeka kinyume inapitisha yote, fyuzi inakatika, mashine imebaki. Hii modi haionekani kwa picha na hakuna mtu atakusifu, lakini mimi siachilii mashine iende nyumbani bila hiyo.

Bado tuko kwa pawa, samahani, hapa ndio kuna nyama. Zile gemu za TV tulizokulia nazo, zile kopi za Famicom zenye bunduki na pedi mbili na kaseti imeandikwa ati iko na maelfu ya gemu kumbe ni ileile inaanzia leveli tofauti, ndani yake karibu zote ziko na regulata ya 7805. Kazi yake ni kushusha 9V mpaka 5V na inachoshusha inakigeuza kuwa joto. Piga hesabu: 9 toa 5 ni 4, mashine ikivuta nusu ampia hizo ni wati 2 za joto tupu ndani ya plastiki iliyofungwa. Sasa adapta za bei rahisi zenye transfoma hazijui kujizuia, imeandikwa 9V lakini ukiipima bila mzigo utapata 12 ama 13, na stima ikipanda nayo inapanda. Ukipeleka 13V ndani, joto linakuwa wati 4. Kipande cha bati walichokipa regulata kipoe hakiwezi hiyo, na Kisumu hewa yenyewe tayari ni moto. Matokeo ni gemu inacheza dakika kadhaa halafu picha inaganda, mtoto anaipiga kofi, inarudi, inaganda tena, na watu wanasema chipu imekufa. Chipu haijakufa. Chipu yenyewe ni ile nukta nyeusi ya gundi ngumu katikati ya boadi, ndani yake wamebana karibu Famicom nzima, na kusema kweli ni mara chache sana nakuta yenyewe ndiyo mbovu.

Natoa 7805 naweka kile kimoduli kidogo cha LM2596 cha kushusha volti, kinapatikana kila mahali. Hakitoi joto la maana. Ila kiseti kwanza kwa mita kisome 5V kabla hujakigusisha na boadi, juu kinakuja kimesetiwa volti yoyote tu. Pia kiko na kelele yake ya umeme, unaweza kuona mistari myembamba inatembea kwa picha, hapo ongeza koili ndogo na kapasita kwa njia ya kutokea. Kuna wazee wa hizi kazi wanaosema kubadilisha hivi ni kuharibu uasili wa mashine. Sawa. Waje wakae nayo Nyalenda mwezi wa pili.

Mzee mmoja wa Milimani aliniletea Commodore 64, komputa ya nyumbani ya zamani, aliyorudi nayo kutoka Uingereza miaka ya themanini, alikuwa anasoma huko. Imefungwa kwa kitambaa, kwa boksi lake, kibodi haijakosa hata kitufe. Akaniambia, "Kijana wangu, chomeka tu, ilikuwa inafanya kazi." Nikamwambia mzee tulia kwanza. Hiyo komputa ya 1982 iko na adapta nzito kama tofali, wameimwagia gundi ngumu ndani haifunguki, inatoa 5V ya DC na 9V ya AC, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: ikizeeka regulata ya ndani inafeli kwenda juu. Haizimi. Inapandisha 5V, na chipu za memori ndizo za kwanza kuchomeka. Nikaipima, ikasoma zaidi ya 5.5V na haijabeba kitu, nikamwonyesha mzee mita akatikisa kichwa. Tukaiweka kando. Nikamtengenezea nyingine, pawa ya 5V ya kisasa ya ampia 3 na transfoma ndogo ya 9V AC kwa boksi moja na fyuzi mbili. Hiyo 9V usiiache nje maana ndani ya komputa ndiko inakozaa 12V ya chipu ya sauti, ile SID aliyoichora Bob Yannes, na wengi wanaipenda hii mashine kwa sababu ya hiyo sauti tu.

Ilipowashwa ikaleta skrini ya bluu, imeandika 38911 BASIC BYTES FREE. Mzee akavuta kiti akaanza kuandika programu kutoka kichwani. Sikumuuliza ya nini, nilienda kutafuta chai.

TV sasa. Zile kopi za Famicom nyingi zinatoa picha kwa waya wa antena. Kenya tulizima matangazo ya analogi 2015, na TV nyingi mpya bado zinaweza kusachi analogi lakini picha inakuja na mvua, na nyingine hazina kabisa. Kwa boadi, kabla picha haijaingia kwa kale kaboksi ka bati ka antena, inapita ikiwa video ya kawaida, ile ya waya wa njano. Unaidaka hapo. Usiunge moja kwa moja kwa TV juu haina nguvu, itakuwa giza giza na inayumba. Inataka transista moja ya kuisukuma, mimi natumia C945, unaitoa kwa redio yoyote iliyokufa bure, na rezista ya omu 75 mwisho kabla ya soketi. Sauti iko hapo karibu, waya wake. Kazi ya mchana mmoja kama mkono wako na solda wanaelewana.

HDMI ndio mnataka, najua. Vile viboksi vya kugeuza AV kuwa HDMI vipo na ni rahisi, na vinafanya kazi, ila gemu za zamani zinatuma picha ya mistari 240 na kiboksi kinaidhania ni 480 iliyogawanywa nusu nusu, kinaanza kuunganisha vitu havihitaji kuunganishwa, TV nayo inaongeza ujuaji wake, na kufika mwisho umebonyeza kuruka na Mario anaruka akiwa ashaingia shimoni. Kuna vifaa vizuri vya kufanya hiyo kazi bila kuchelewesha, bei yake inanunua mashine nyingine kadhaa. Kama kuna mtu kwenu anatupa TV ile nene ya kioo, chukua. Usiifungue tu kama hujafunzwa, ile waya nene nyekundu inayoenda kwa kioo inaweza kubaki na zaidi ya volti 20,000 hata TV imetolewa kwa soketi.

Na ile bunduki ya gemu ya kulenga bata. Kila mtu ananiuliza mbona hailengi bata kwa TV mpya, wanadhani imeharibika. Ukivuta traiga skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu mahali bata alipo panachorwa kisanduku cheupe, na bunduki ni jicho tu linaangalia kama limeona mweupe huo wakati huo huo. TV ya kioo inachora papo hapo. TV bapa inachelewa, jicho linapoangalia bado hakuna kitu, na pia jicho lenyewe limetengenezwa kutambua mwanga unaopigapiga wa TV ya kioo. Bunduki yako ni nzima. Iweke.

PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony, sijui kama niiite ya zamani, juu hapa Kondele watu wa vibanda vya kulipia gemu bado inawalishia familia. Sony waliacha kuitengeneza Januari 2013, FIFA ya mwisho kuitolea ilikuwa FIFA 14, na mpaka leo kuna vijana wanachonga timu mpya na jezi mpya wanaweka kwa diski. Shida zake hapa ni mbili: lensi na mende.

Lensi imechoka kwa kusoma diski za kopi zenye mikwaruzo kutwa kucha. Fundi wengi wanazungusha kale kaskrubu kadogo kando ya lensi, leza inaongezeka nguvu, diski inasoma, mteja anafurahi analipa. Ni kweli inasoma. Lakini umeikamua, maisha yake unayapunguza, na akirudi hakuna mahali pa kuzungusha tena. Mimi naona bora kuacha lensi ipumzike kabisa: memori kadi iliyowekwa Free McBoot, programu inayoiwezesha mashine kufungua programu zingine, unawasha unaingia OPL, ile ya kucheza gemu bila diski ya kuzunguka, gemu zinatoka kwa hard disk kama ni ile nene yenye nafasi nyuma, unatafuta netiweki adapta yake. Kama ni ile nyembamba unaweza kutumia flashi lakini USB yake ni 1.1, taratibu sana, video za katikati ya gemu zinakwaruza. Mechi zenyewe zinaenda sawa na watu wa kibanda hawaangalii video. Angalia tu namba chini ya mashine, zile za SCPH-90000 za mwisho mwisho zilifungwa, hiyo memori kadi haziitambui, inabidi njia nyingine.

Mende ni hadithi yake. Wanapenda joto la pawa saplai, wanazaa humo, uchafu wao unakula njia za shaba, na msimu wa wale wadudu wa ziwa feni inawavuta wakiwa wengi wakaukie ndani. Nafungua, napuliza nje kwa blowa, naosha boadi kwa isopropili ya 99% na mswaki laini. Spiriti ya chemist iko na maji mengi, sipendi. Matundu yasiyo ya hewa nayaziba, ya hewa nayawekea neti ya dirisha, ile ya mbu. Inapunguza hewa kidogo kwa hivyo piga vumbi neti kila mara. Na kaseti tafadhali msipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu kwa miguu, chovya pamba kwa isopropili upanguse.

Plastiki iliyogeuka njano: krimu ya salon ya kublichi nywele yenye peroksaidi ya asilimia 12, ile wanaandika 40 volume, paka, funga na nailoni, weka juani. Jua la hapa linafanya haraka kuliko wanavyosema kwa video. Vaa glavu. Njano inaweza kurudi baada ya muda, nimewaambia.

Sasa hivi niko na Game Gear mezani, ile gemu ya kushika mkononi ya Sega ya 1990, inakula betri sita na sauti yake inasikika ukiibandika kwa sikio tu. Ni kapasita, zinavuja zote ukubwa wa punje ya mchele, harufu ya samaki ukizipasha na solda. Nimeagiza mpya Luthuli Avenue kule Nairobi na jamaa ananiambia zitapanda gari ya jioni. Zikifika na skrini ikakubali kung'aa nitaweka picha.