Beringi za nyuma za IST yangu, na alaimenti niliyoilipia mara mbili

Gari langu, Toyota IST, lilianza kuvuma mwezi wa Februari. Ndani ya mji wa Dodoma husikii kitu, lakini ukivuka kilomita sitini kwa saa unasikia uuuuu, kama lori limekukalia mgongoni. Na usukani ulikuwa umekaa upande, gari linavuta kushoto.

Nikalipeleka kupiga alaimenti, yaani kunyoosha tairi zielekee sawa. Nikalipa elfu thelathini, nikaambiwa huo mvumo ni wa tairi zilizolika upande. Nikanunua tairi mbili mpya. Mvumo uko palepale, na baada ya wiki tatu usukani ukarudi upande. Hakuna aliyeliinua gari juu akatikisa hata tairi moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jibu nililipata njiani, nikimpeleka mama Iringa. Tulipovuka Mtera na kuanza kupanda kona za Nyang'oro, kila kona ya kulia mvumo unapanda, kona ya kushoto unakatika kabisa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, gari linalia nini?" Niliporudi nikamsimulia fundi mmoja wa Kizota. Hakufikiri mara mbili: ukikata kulia, uzito wa gari unahamia kushoto, kwa hiyo beringi mbovu, kile chuma kinachofanya tairi lizunguke laini, iko kushoto.

Akapiga jeki nyuma, akaweka stendi, akashika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Kisha akaniambia, "Dada, weka mkono kwenye springi, mimi nazungusha." Nikahisi mkwaruzo unanipanda vidoleni kana kwamba mle ndani kuna mchanga. Upande wa kulia mkwaruzo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Nikaamua kubadilisha beringi zote mbili za nyuma.

IST ya kuvuta mbele, yaani inayosukumwa na tairi za mbele tu, ina nafuu moja: beringi ya nyuma inakuja pamoja na habu yake, kile kitovu tairi linapofungwa, haihitaji kupelekwa kwenye presi, mashine ya kukandamiza. Unatoa tairi, unatoa drami ya breki, unafungua bolti nne kwa nyuma, unachomoa soketi ya waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki), habu inatoka. Za kwangu zilishika kutu, zikapigwa mafuta zikaachwa kwanza. Aliyeniuzia spea alinipa habu isiyo na soketi ya ABS, nikarudi dukani na ile ya zamani mkononi. Tafadhali nenda nayo, au beba namba ya chesisi. Usiseme "ya IST" tu.

Ile ya zamani niliizungusha kiganjani. Inakwama, inaachia, inakwama. Grisi imegeuka rangi ya kahawa. Nikakumbuka Januari nilivuka maji ya korongo yakafika nusu ya tairi; huenda yaliingia humo.

Kabla ya kushusha gari fundi akakagua na mbele. Tairodi endi ya kushoto, kile kiungo cha mwisho cha fimbo inayogeuza tairi ukikata usukani, ilikuwa imelegea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini usukani ulirudi upande: alaimenti ilipigwa juu ya kitu kinachocheza. Tukabadilisha, tukajaza upepo sawa tairi zote, ndipo nikaenda kwenye mashine, mahali pengine safari hii.

Kijana wa mashine alinionyesha namba kwenye skrini, mbele nyekundu, nyuma kijani. Akanieleza kwamba eksli ya nyuma ya IST ni bimu moja, haina mahali pa kurekebisha, inapimwa tu kuona kama imepinda. Ya kwangu ilikuwa nzima. Akafunga usukani ukiwa umenyooka, akaingia chini, akalegeza nati za tairodi na kuzungusha kidogokidogo huku akichungulia skrini, mpaka nyekundu zikageuka kijani.

Jumapili nilimpeleka mama Chamwino. Mshale ulikuwa kwenye themanini, mkono mmoja umegusa usukani tu, naye ananisimulia habari za shamba la zabibu kwa sauti yake ya kawaida, na nilisikia kila neno.