Eti nimeenda Ulaya kuzurura milimani

Niko Mbeya likizo, na tangu nishuke Songwe naulizwa lilelile: "Hivi kule Uingereza unafanya kazi au unazurura?" Kinara ni shemeji yangu, mwenye duka Mwanjelwa. Ameona picha kwenye grupu la familia, nimetandika mswala kwenye majani yaliyolowa. Nyingine nimebeba mfuko wa taka. Akaandika: "Yaani umeuza kiwanja cha Uyole ukaokote chupa za Wazungu?" Grupu zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja niseme, maana kuna wanaojiandaa kuondoka. Baridi siyo shida, mtu wa Mbeya anaijua. Shida ni upweke. Desemba saa kumi jioni jua limeshazama. Ijumaa unakwenda msikitini, hotuba ya Kiurdu, unapeana mikono na wawili watatu, kila mtu mbio kwenye gari lake. Hakuna baraza wala kahawa, hakuna wa kukuuliza umeshindaje.

Kilichoniokoa ni matembezi ya Jumamosi kwenye vilima vya Peak District, hifadhi ya taifa huko Uingereza. Wasomali, Wabengali, Wanaijeria, mama mmoja wa Kipakistani makamo ya bibi yangu anayetuacha wote nyuma. Mkishahema pamoja na mtu kwenye mwinuko, huyo si mgeni tena. Mmoja wao ndiye aliyenitafutia chumba nilipofukuzwa kwenye nyumba. Adhuhuri inatukuta juu. Tunatawadha kwa maji ya chupa, vidole vinakufa ganzi, halafu simu nne zinaonyesha kibla nne na ubishi unaanza. Wakati wa kushuka kila mtu anaokota taka. Na wale waokoaji wanaokushusha mlimani ukivunjika mguu wanajitolea, hawalipwi. Kijana mmoja wa kundi letu ameshaanza mafunzo nao.

Siyo asali tupu, lakini. Krismasi ya 2021 kundi la Muslim Hikers, Waislamu wapanda milima, lilipanda Mam Tor, kilima cha hukohuko Peak District, watu zaidi ya mia, wakaporomoshewa matusi mitandaoni kana kwamba wamevamia sebule ya mtu. Mam Tor yenyewe mita 517! Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ni mita 1,345. Mbeya mjini tuko kwenye 1,700 hivi. Kwa hiyo shemeji akiwa kwenye kiti chake dukani yuko juu ya Ben Nevis, na Ziwa Ngozi, la hapahapa Mbeya, hajawahi kufika.

Hapo ndipo ninapokasirika. Huku kwetu tunaonana mazikoni, kwenye maulidi na Idi, basi. Jumapili nimewachukua vijana wa madrasa, Coaster ya Tukuyu mpaka Isongole, tukaingia msituni. Wamezaliwa hapahapa, wengi walikuwa hawajaliona lile ziwa. Kelele zikakata walipofika ukingoni. Tumeshuka na viroba viwili vya chupa za maji na karatasi za biskuti, na bodaboda wa pale anauliza mradi huu wa nani, posho shilingi ngapi.

Jumapili ijayo ni Mlima Mbeya, tunaondoka baada ya Alfajiri, kandambili hapana. Na wewe unayesubiri viza: buti za kupandia kule mpya ni laki tatu na zaidi. Kachambue mtumba Mwanjelwa kabla hujapanda ndege, hizohizo zimetoka huko.